Umehamia Linux: jinsi ya kuchagua programu na kutatua matatizo bila kufuta mashine yote

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha usaidizi wa kawaida wa Windows 10. Laptopu nyingi za mtumba zinazouzwa kwetu hazikidhi masharti ya Windows 11, kwa hiyo watu wanazidi kuhamia Linux, na wiki ya kwanza ikipita maswali ni yaleyale. Nipakue wapi programu? Mbona faili la .exe halifunguki? Word iko wapi? Waifai imepotea, nifute kila kitu nianze upya?

Hilo la mwisho ndilo lililonifanya niandike mwongozo huu. Anayefuta na kusakinisha upya kila tatizo linapotokea hajifunzi lilitoka wapi, na mara nyingi linarudi lilivyokuwa. Karibu kila tatizo la mtu mgeni linatatulika kwa kusoma ujumbe ulio kwenye skrini na kubadilisha kitu kimoja tu.

Hatua hizi zinafuata Linux Mint toleo la 22 yenye eneokazi (muonekano wa skrini na menyu zake) la Cinnamon. Toleo hilo limejengwa juu ya Ubuntu 24.04 na linahudumiwa hadi mwaka 2029. Ukiwa na Ubuntu yenyewe, amri karibu zote ni hizihizi. Ila kama rafiki amekuwekea Kali Linux kwa sababu ameiona kwenye video za udukuzi, muombe akuwekee nyingine. Kali ni zana ya wapimaji wa usalama wa mitandao, na walioitengeneza wenyewe wanasema haimfai mtu anayeanza Linux wala anayetaka kompyuta ya kazi za kila siku.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Laptopu ambayo Mint imeshasakinishwa. RAM ya GB 2 inatosha kuiwasha, lakini kivinjari chenye kurasa kadhaa kitaielemea. GB 4 ndiyo ya kuanza nayo. Kama una 2 tu, tumia Mint ya Xfce badala ya Cinnamon.
- Flashi uliyosakinishia. Usiifute! Siku mashine ikigoma kuwaka, hiyo flashi ndiyo mlango wa kuingilia.
- Simu ya Android, kebo yake ya USB, na bando la kutosha. Masasisho ya kwanza huwa makubwa, kwa hiyo ukiweza yafanye penye waifai isiyohesabiwa.
- Diski ya nje au flashi nyingine ya kutunzia mafaili yako.
- Daftari. Andika kila amri unayoiendesha na kila mpangilio unaoubadilisha. Wageni wengi hawalitaki daftari, lakini ndilo litakalokuokoa siku fundi akikuuliza, "Uligusa nini kabla haijaharibika?"

Kuandaa mashine

1. Fungua Update Manager, ile alama ya ngao pembeni chini kulia. Ikikuambia ijisasishe yenyewe kwanza, ikubalie, kisha sakinisha masasisho yote na uzime na kuwasha. Laptopu iwe kwenye chaji na betri iwe na uhai. Umeme ukikatika katikati ya kazi hii, programu zinabaki nusu zimewekwa na nusu hazijawekwa. (Likikupata, dawa iko huko chini.)

2. Fungua Driver Manager. Inaangalia kama kuna kifaa kinachohitaji draiva ya ziada, hasa kadi za NVIDIA na baadhi ya kadi za waifai za Broadcom. Ikikuonyesha iliyopendekezwa, chagua hiyohiyo. Usichague yenye namba kubwa zaidi kwa kudhani ni bora.

3. Fungua Timeshift, chagua RSYNC, kisha bofya Create. Hapo inahifadhi hali ya mfumo ilivyo leo, na kesho ukiharibu kitu unaweza kuurudisha mfumo kwenye hali hii. Weka ratiba ya mara moja kwa wiki, nakala mbili tu, la sivyo diski ndogo itajaa.

Onyo: kwa kawaida Timeshift haihifadhi nyaraka, picha wala nyimbo zako. Hiyo ni ya mfumo peke yake. Mafaili yako nakili kwenye diski ya nje kwa mkono au tumia Backup Tool. Watu wamepoteza tasnifu nzima kwa kudhani Timeshift inazitunza.

Kuchagua programu

4. Chukua daftari uandike kazi unazozifanya, usiandike majina ya programu. "Naandika barua na CV." "Naweka hesabu za duka." "Nakata video za harusi." Ukianza na majina utaishia kutafuta Photoshop na Microsoft Office, na hizo hazitengenezwi kwa ajili ya Linux. Ukianza na kazi, majibu yapo mengi:

Kuandika na majedwali ni LibreOffice, imo tayari. Kutazama video za kila aina ni VLC. Kurekebisha picha ni GIMP, kuchora nembo na mabango ni Inkscape, kuchora kwa mkono ni Krita. Kukata video ni Kdenlive au Shotcut, na Shotcut ni rahisi zaidi kwa anayeanza. Kurekodi na kusafisha sauti ni Audacity. WhatsApp haina programu rasmi ya Linux, fungua web.whatsapp.com kwenye kivinjari, au tumia programu ya Mint iitwayo Web Apps, itaigeuza tovuti hiyo kuwa dirisha lake lenye alama yake kwenye menyu.

5. Tafuta programu kwa mpangilio huu, na ukiipata usiendelee kutafuta:

Kwanza, Software Manager. Andika jina, bofya Install, umemaliza. Zilizomo humo hupokea masasisho pamoja na mfumo mzima.

Pili, Flatpak, namna nyingine ya kufungasha programu, ambayo ipo humohumo ndani ya Software Manager. Programu nyingi zinapatikana kwa namna zote mbili, na utaona pa kuchagua karibu na kitufe cha Install. Ya mfumo ni ndogo na inawaka haraka. Ya Flatpak huwa mpya zaidi, lakini ya kwanza kuisakinisha huja na mizigo yake ya msingi inayoweza kufika mamia ya MB. Kwa anayetumia bando hilo si jambo dogo. Ushauri wangu: chukua ya mfumo, isipokuwa kama kuna kitu mahususi unachokihitaji kwenye toleo jipya.

Tatu, faili la .deb kutoka kwenye tovuti ya watengenezaji wenyewe. Google Chrome na Zoom huja hivi. Pakua, bofya mara mbili, sakinisha.

Baada ya hapo simama. Usipakue .deb kwenye tovuti yoyote iliyotokea kwenye utafutaji. Usiongeze PPA (ghala la programu lisilo la mfumo wenyewe) kwa sababu ukurasa wa mwaka 2016 umesema hivyo. Na ukikuta amri inayoanza na curl na kuishia na sudo bash, yaani pakua na uendeshe papo hapo kwa mamlaka yote ya mfumo, fahamu kwamba unamkabidhi mtu usiyemjua funguo zote za mashine yako.

6. Rekebisha LibreOffice kabla hujaanza kazi ya maana. Hapa ndipo wengi wanapokata tamaa na kurudi Windows, na ni bure kabisa, kwani marekebisho yenyewe ni ya dakika chache.

Barua iliyoandikwa kwa Calibri kwenye Word ikifika kwako haiikuti Calibri. LibreOffice inaweka herufi nyingine zenye upana tofauti, mistari inasogea, na CV ya ukurasa mmoja inadondosha wadhamini wako kwenye ukurasa wa pili. Fungua terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, kwa Ctrl+Alt+T uandike:

sudo apt install fonts-crosextra-carlito fonts-crosextra-caladea

Carlito ina vipimo vilevile vya Calibri, na Caladea vya Cambria. LibreOffice itazitumia yenyewe. Arial na Times New Roman zina mbadala wake, Liberation, ambazo kwa kawaida zimo tayari.

Kisha ingia Tools, Options, Load/Save, General. Kwenye Document type acha Text document, na kwenye Always save as chagua ya Word yenye .docx. Fanya vivyo hivyo kwa Spreadsheet, chagua .xlsx. Usipofanya hivi faili jipya litahifadhiwa kama .odt, na mtu wa ofisini anaweza kukupigia simu kwamba halifunguki. Kitu cha kuchapisha kipeleke steshenari kikiwa PDF. Kitufe cha kutoa PDF kipo kwenye mstari wa juu. PDF haihami mistari popote utakapoifungulia.

Kwa anayeandika Kiswahili, ongeza kamusi ya tahajia: sudo apt install hunspell-sw. Halafu chagua Swahili kuwa lugha ya maandishi kwenye Tools, Language. Juhudi za kuzipa programu hizi Kiswahili zina umri: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, na LibreOffice ni mrithi wa OpenOffice hiyo.

7. Kubali mapema kwamba kuna kazi zisizohamia. Kama kazini mnatumia Tally, AutoCAD, au majedwali ya Excel yenye macro nzito, usifute Windows. Acha ikae kando ya Mint kwenye diski moja, au tumia mashine ya ofisi kwa kazi hiyo. Wine huendesha baadhi ya programu za Windows, hasa za zamani na ndogo, lakini usiitegemee kwa mahesabu ya mshahara. Vilevile usianze kwa kupakua .exe na kujaribu kuilazimisha. Rudi hatua ya 5.

8. Sakinisha programu moja, ifungue, ifanyie kazi halisi, ndipo uende nyingine. Ukiweka kumi usiku mmoja na asubuhi mashine ikaleta vituko, hutajua ya kulaumu.

Kuhusu antivairasi, kwa matumizi ya nyumbani huna haja ya kununua. Flashi ikitoka steshenari na vairasi vya Windows, vile vinavyoficha mafolda na kuweka njia za mkato mahali pake, kwenye Mint utaona mafolda yako halisi yakiwa wazi pamoja na mafaili ya ajabu yenye .lnk. Futa hayo ya .lnk, usimpelekee mwenzako mwenye Windows.

Terminali: mambo matatu tu

Neno la siri halionekani unapoliandika: Mint huonyesha nyota tu, na kwingine hata nyota hazitokei. Kibodi ni nzima. Liandike lote ubonyeze Enter.

Kunakili ni Ctrl+Shift+C na kubandika ni Ctrl+Shift+V. Ctrl+C peke yake husimamisha amri inayoendelea.

Usiweke sudo mbele ya kila kitu. Hasa usifungue programu za madirisha, kama kihariri au kidhibiti mafaili, kwa sudo. Mafaili yako yanaweza kugeuka kuwa mali ya root, yaani msimamizi mkuu wa mfumo, na siku inayofuata ukajikuta huwezi kuingia.

Likitokea tatizo

9. Soma ujumbe wote na uupige picha kwa simu. Ukiwa kwenye terminali, tafuta mstari wa kwanza wenye neno error. Mara nyingi wa mwisho ni matokeo tu ya ule wa kwanza.

10. Jiulize ni nini kilibadilika tangu mara ya mwisho mashine ilipokuwa nzima. Daftari litajibu.

11. Jaribu dawa moja. Ikishindikana, rudisha ulichobadilisha kabla ya kujaribu ya pili. Anayemwaga amri kumi za mtandaoni mfululizo anageuza tatizo moja kuwa matatu.

12. Ikishindikana kabisa, fungua Timeshift uirudishe hali ya siku mashine ilipokuwa nzima. Kama haiwaki, washa kwa ile flashi ya Mint. Timeshift imo ndani yake pia na itaziona nakala zilizo kwenye diski.

Haya ndiyo matatizo yanayojirudia, na dawa zake.

*Umeme ulikatika wakati wa kusasisha.* Endesha hizi mbili, moja baada ya nyingine:

sudo dpkg --configure -a

sudo apt --fix-broken install

Ya kwanza inamalizia zilizoachwa nusu, ya pili inaleta vilivyopungua. Kisha rudi Update Manager.

*"Could not get lock /var/lib/dpkg/lock-frontend".* Maana yake kuna programu nyingine inasakinisha kitu sasa hivi, kwa kawaida Update Manager yenyewe. Subiri dakika kadhaa. Utaona watu wanashauri kulifuta hilo faili kwa rm. Usifanye hivyo: kufuli hilo lipo ili programu mbili zisivuruge orodha moja kwa wakati mmoja. Ukisubiri sana bila mafanikio, zima na uwashe, na kufuli litaachiwa.

*"Hash Sum mismatch".* Hutokea sana mtandao unapokuwa dhaifu. Endesha sudo apt clean, kisha sudo apt update. Likirudi, fungua Software Sources ubadilishe seva. Ukibofya jina la seva, Mint inapima kasi ya kila moja na kukupangia. Chagua ya juu.

*Waifai haipo.* Chomeka simu kwa kebo, ingia kwenye mipangilio ya simu uwashe kushiriki intaneti kwa USB. Mint itaikamata ndani ya sekunde chache bila draiva yoyote, na hapo umeshapata intaneti ya kutafutia dawa. Andika rfkill list. Ukiona Soft blocked: yes, andika rfkill unblock wifi. Ukiona Hard blocked: yes, kuna swichi au kitufe cha ndege kwenye kibodi kimezimwa, hakuna amri itakayokiwasha, kitafute kwa vidole. Kama vyote ni no, fungua Driver Manager ukiwa na intaneti ya simu. Bado? Andika lspci -nnk na unakili mistari ya Network controller pamoja na namba zilizo kwenye mabano ya mraba. Hizo namba ndizo za kutafutia mtandaoni, maana jina la laptopu peke yake halitoshi: laptopu mbili za jina moja zinaweza kuwa na kadi tofauti.

*Sauti haitoki.* Bofya alama ya spika uangalie sauti inapelekwa wapi. Mara nyingi imehamia HDMI baada ya kuchomoa televisheni au projekta. Kama pako sawa, andika systemctl --user restart pipewire pipewire-pulse wireplumber.

*Saa ya Windows imerudi nyuma saa 3.* Hii ni kwa wenye mifumo miwili. Linux huchukulia saa iliyo kwenye ubao mama kuwa ya UTC (saa ya kimataifa), Windows huichukulia kuwa ya hapa ulipo, na Afrika Mashariki iko saa 3 mbele ya UTC. Ukiwa Mint andika timedatectl set-local-rtc 1, kisha urekebishe saa ya Windows mara moja tu.

*Diski ya Windows inasomeka lakini haiandikiki.* Windows haikuzimwa kweli. Kipengele chake cha Fast Startup kinailaza badala ya kuizima. Kizime ukiwa ndani ya Windows, kwenye mipangilio ya umeme. Usilazimishe kuandika ukiwa Linux, unaweza kuharibu mafaili.

*Unaandika neno la siri sahihi na mashine inakurudisha palepale.* Bonyeza Ctrl+Alt+F2, ingia kwa jina na neno lako la siri, kisha andika df -h. Kama mstari unaoishia na / umefika asilimia 100, diski imejaa: endesha sudo apt clean, futa nakala za zamani za Timeshift, ujaribu tena. Kama nafasi ipo, andika ls -l ~/.Xauthority. Ukiona faili hilo ni la root, hilo ni tunda la kufungua madirisha kwa sudo. Lirudishe:

sudo chown $USER:$USER ~/.Xauthority

Kisha Ctrl+Alt+F7 ikurudishe kwenye skrini ya kuingilia.

*Skrini nyeusi baada ya kuwasha.* Washa tena huku ukibonyeza Esc, au ukishikilia Shift kwenye mashine za zamani, mpaka menyu ya GRUB, ile ya kuchagua cha kuwasha, itokee. Ingia Advanced options uchague kerneli (kiini cha mfumo) ya pili, ile ya nyuma ya mpya. Ikiwaka vizuri, tatizo ni kerneli mpya. Endelea na ya zamani mpaka sasisho lingine lije. Isipowaka, rudi kwenye menyu hiyo, bonyeza herufi e, tafuta maneno quiet splash, ongeza nafasi na nomodeset mbele yake, kisha F10. Hii inasaidia sana wenye kadi za NVIDIA. Ukishaingia, fungua Driver Manager uweke draiva iliyopendekezwa, kwa sababu nomodeset ni ya mara hiyo moja tu.

*Eneokazi limeganda lakini kipanya kinatembea.* Ctrl+Alt+Esc huianzisha Cinnamon upya bila kufunga kazi zako.

Ukienda kuomba msaada

Usiandike "Linux yangu haifanyi kazi, naomba msaada." Hakuna anayeweza kukujibu. Endesha inxi -Fxz na unakili majibu yote. Herufi z inaficha anwani za mtandao na namba nyeti. Ongeza ujumbe wa kosa kama ulivyo, ulichokuwa unafanya ulipotokea, na ulivyokwisha kujaribu kutoka kwenye daftari. Kama mashine ilizimika au kuganda ghafla, ongeza na majibu ya journalctl -b -1 -p 3, yanayoonyesha makosa ya mara ya mwisho kabla ya kuwasha upya. Bandika maandishi, si picha ya skrini iliyopigwa kwa simu kwa pembeni, ili anayekusaidia aweze kuyanakili na kuyatafuta. Na dawa ikishapatikana, rudi useme ni ipi iliyofanya kazi, kwa sababu kuna mwingine mwenye kadi ileile ya waifai anayelitafuta jibu hilo.